Kujengea kaburi la bibi Tukuyu: subirini mvua iishe

Pole sana ndugu, wewe na ukoo mzima. Umeuliza kama mnaweza kumjengea bibi kaburi huko Tukuyu kwenye arobaini ya Januari, kwa kuwa wajukuu wote watakuwepo. Nakuomba msifanye hivyo. Kusanyikeni, salini, wekeni msalaba wa mbao na maua. Ujenzi usubiri Juni au Julai.

Shida ni udongo. Ule uliorudishwa shimoni bado umejaa hewa, na mvua za Rungwe huushusha kidogo kidogo mpaka Mei. Baadaye jeneza nalo huoza, tuta likadidimia tena. Ukijenga juu ya tuta bichi kaburi hupasuka katikati au huinamia upande, marumaru zikabanduka. Kwa sasa, kila panapobonyea ongezeni udongo, mshindilie, muache mgongo ili maji yasituame.

Kiangazi kikifika, uzito usiachiwe shimo. Chukua kipande cha nondo uchome ardhi kuzunguka tuta: penye udongo wa kufukia kinazama, penye ardhi ya asili kinagoma. Weka alama kinapogomea, halafu toka nje futi 1 kila upande. Kaburi la futi 7 kwa 3 litahitaji jamvi, yaani sakafu ya zege ya kubebea kaburi, la futi 9 kwa 5. Zege liwe la unene wa inchi 4, na nondo za milimita 10 kila inchi 8, urefu na upana, zikiinuliwa kwa vijiwe zisilale chini. Hapo mifuko 3 ya saruji inatosha: kila mfuko wa kilo 50, mchanga ndoo 3 na nusu, kokoto ndoo 7, ndoo za lita 20. Fundi akitaka kuzidisha maji ili zege limwagike kirahisi, mkatalie. Likikauka linakuwa dhaifu. Lifunikeni kwa majani ya migomba na kumwagilia siku 7. (Wasomaji wa Makete na Njombe: mwageni zege asubuhi, baridi ya usiku huchelewesha zege kushika.)

Tofali za kuchoma za kujengea juu ya jamvi ziloweshwe kwanza, la sivyo zitanyonya maji ya udongo wa saruji. Juu pawe na mteremko. Milingoti (mikaratusi) isipandwe karibu.

Maandishi yachongwe, rangi hufutika. Mwaka wa kuzaliwa huleta ubishi, maana kitambulisho cha taifa cha wazee mara nyingi kina tarehe ya kukadiria. Kama bibi alibatizwa, ulizeni usharikani. Wamisionari wa Kanisa la Moravian wapo Rungwe tangu 1891, na daftari za ubatizo husaidia. Mkikosa tarehe, mwaka peke yake unatosha. Na msiishie kwenye jina la kitambulisho: andikeni pia lile mlilokuwa mkimwita nyumbani. Shangazi mkubwa ayasome yote kwenye karatasi, herufi kwa herufi, kabla fundi hajagusa jiwe.