SMS kwa kompyuta ya dukani

SWALI: Nina duka la vifaa vya ujenzi Chake Chake. Nataka kuwaandikia wateja SMS kwa kompyuta. Simu yangu ni Android, ya mwenzangu iPhone. Tufanyeje?

JIBU: Kwa Android, fungua messages.google.com/web kwenye kompyuta, iwe ya Windows, Mac au Linux. Ndani ya programu ya meseji ya Google Messages simuni, gusa picha ya akaunti, chagua kuunganisha kifaa, kisha elekeza kamera kwenye msimbo wa QR (mraba wa vidoadoa) ulio kwenye skrini ya kompyuta. Simu isizimwe wala kukosa intaneti, kwani SMS hutoka kwenye laini yako na salio hukatwa kama kawaida. Mawasiliano yakikatika ovyo, mara nyingi ni mfumo wa simu wa kubana matumizi ya chaji unaoizima programu hiyo. Iruhusu ifanye kazi muda wote.

iPhone haina njia hiyo. Kwa Windows 11 mwenzako atumie programu ya Phone Link ya kompyuta, inayoungana na simu kwa Bluetooth, simu iwe karibu. Meseji za makundi haziendi.