AC kudondosha maji ukutani: angalia mpira wa maji kwanza

Mkuu umesema AC ya chumbani imeanza tena kudondosha maji ukutani, miezi mitatu tu tangu fundi aisafishe, na sasa unafikiria kununua nyingine. Usinunue kwanza. Mimi niko Kigamboni, yangu ya BTU 12,000 ina mwaka wa sita, na hili tatizo lilinitesa miaka miwili mpaka rangi ikabanduka na jipsam ikaoza pembeni, nimeita mafundi watatu, kila mmoja anapuliza mpira wa kutolea maji nje, analipwa, anaondoka, baada ya wiki kadhaa maji yaleyale.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba kupuliza kunatoa uchafu wa leo tu. Yale maji ni unyevu wa hewa ya chumbani ukigusa koili ya baridi (yale mabomba ya kupoza hewa ndani ya mashine), kama chupa iliyotoka kwenye friji inavyotoa jasho. Vumbi lililoipita filta linaoshwa na hayo maji, linashuka kwenye trei inayokinga maji chini ya koili, na kule ni giza na majimaji muda wote, basi unaota uteute mzito kama wa bamia na ukifika kwenye kona ya mpira unanasa. Na huku kwetu pwani kipindi cha kaskazi unyevu ni balaa, yangu ikilala imewashwa ndoo ya lita 10 asubuhi inakaribia kujaa, sasa yote hayo yakikosa njia yatapita wapi kama sio ukutani kwako.

Kwangu kumbe shida ilianza siku ya kufunga. Nyuma ya mashine mpira ulipanda kidogo kabla ya kutoka nje, halafu huko nje ncha tuliizamisha ndani ya ndoo maana mama watoto anadekia yale maji. Ncha ikizama hewa haitoki, maji yanashuka kwa kusuasua na uteute unapata nafasi ya kuota. Fundi wa nne ndo akaukuta, akaurudishia mteremko, kama sentimita moja kila mita na pasiwe na tumbo popote, mimi nikakata ncha ikabaki inaning'inia juu ya ndoo. Huu mwaka wa tatu sijaona tone ukutani.

Filta naosha kila wiki mbili, maji ya bomba tu, naianika kivulini. Hiyo peke yake ni zaidi ya nusu ya kazi. Kila miezi mitatu hivi nazima kwenye swichi kubwa (sio rimoti!), nafungua kifuniko, namimina taratibu kwenye trei kikombe cha siki nyeupe na maji ya uvuguvugu, nasubiri nusu saa, namalizia na maji matupu. Wengine wanatia dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, mi sishauri kabisa, inakula koili, na ikikutana na siki inatoa gesi ya sumu na wewe uko chumbani umefunga madirisha. Tafadhali sana hapo.

Ikiwa imeshaziba, vuta uchafu kutokea nje kwa mashine ya kufyonza vumbi inayokubali maji, zungushia kitambaa pale kwenye ncha isivuje hewa. Ukipuliza kutokea nje unaurudisha kwenye trei. Chungulia pia ncha yenyewe, nyigu wanapenda kujenga humo kwa udongo, niliwahi kutoa donge zima. Nimeweka wavu wa matundu makubwa, chandarua hapana, kinaziba chenyewe.

Ila ukifungua ukakuta barafu kwenye koili, hilo ni jambo jingine, filta imejaa au gesi imepungua, barafu inayeyuka na kumwagika nje ya trei. Ya gesi muachie fundi.

Leo jioni zima, mimina kikombe kimoja cha maji kwenye trei, mtu asimame nje aangalie. Kisha urudi utuambie yametokea wapi na yamechukua muda gani, na kama unaweza weka picha ya mpira ulivyopita.