Kifungo cha maisha ni maisha kweli?

We uliyesema kifungo cha maisha ni miaka 20 tu halafu mtu huyoo mtaani, hapana bana, hiyo 20 ilikuwa hesabu ya magereza Uganda na Mahakama ya Juu yao ikaikataa 2011 kwenye kesi ya mfungwa mmoja, Tigo Stephen, wakasema maisha ni mpaka ufe. Kenya nako wamevutana, 2023 Mahakama ya Rufaa kule Malindi ikasema kufunga mtu bila kujua mwisho si utu, ikampa jamaa aliyekuwa amefungwa maisha miaka 40, kufika 2025 Mahakama ya Juu ikarudisha maisha.

Mi naona (najua mtanitukana) baada ya miaka 25 hivi mtu akalishwe mbele ya bodi aangaliwe amekuwa nani. Kuna mzee mtaani kwetu alitoka kwa msamaha wa rais, miezi ya kwanza alikuwa anasimama mlangoni anasubiri afunguliwe na mlango wenyewe uko wazi. Huyo atamdhuru nani? Ila waliobaka watoto, hapo huruma inaniishia, na hiyo kesi ya Malindi ilikuwa ya kubaka mtoto mdogo kabisa.