Spika za nyumbani kwa elfu 15: mimi ningefanya hivi

Ndugu, umeuliza ununue spika gani na elfu 15, unakaa Nyalenda kwa nyumba ya chumba kimoja na sebule, unasikiza rumba na benga jioni na mpira wikendi, na muuzaji anakuambia uchukue ile seti ya sabwufa na vispika vitano imeandikwa wati elfu 12. Achana nayo. Mimi niko hapa Kisumu na kwa miaka mingi nimekuwa nikinunua, kufungua na kurekebisha spika za watu mtaani, kwa hivyo vumilia maana hii itakuwa ndefu.

Hizo wati kwanza. Hiyo namba ni PMPO, haina kipimo kinachokubalika popote, kila kiwanda hujiandikia inavyotaka. Geuza hiyo sabwufa usome kibandiko cha nyuma pale penye 240V, unaweza kukuta inavuta wati 60 za stima, sasa hizo elfu 12 zinatoka wapi? Namba ya maana ni RMS, yaani nguvu ya kweli inayotoka mfululizo, na kwa spika yenyewe angalia dB, yaani ikipewa wati moja inapaza kiasi gani ukiwa mita moja mbele yake. Spika ya 87 dB inataka wati mara mbili ya ile ya 90 dB ndio zilingane, na watu wengi hupita hiyo namba kama haipo. Kwa sebule yako, wati 20 za ukweli kila upande zinatosha na jirani atakuja kulalamika.

Pesa yako ningeiweka kwa spika mbili tu, pea moja, zile ndogo za mbao za kuweka juu ya meza, za mtumba, halafu amplifaya ndogo. Pesa ile ile ukiigawanya kwa masanduku sita hakuna sanduku linapata kitu cha maana ndani. Tafuta Ex-UK, yaani mitumba iliyotoka Uingereza: Wharfedale, Mission, Tannoy, KEF, Celestion, hizi ni kampuni za Uingereza na spika ndogo za nyumbani ndio kazi waliyoijua. Zile za Sony na Pioneer zilizokuja na redio kubwa za zamani pia ziko nzuri kadhaa, ila zingine ni boksi jepesi tupu, kwa hivyo inua kwanza, ikiwa nzito kuliko unavyotarajia ni dalili njema. Pita Kibuye Jumapili mapema, uliza mafundi wa redio Kondele, na ukiwa na mtu wako Nairobi atembee barabara ya Luthuli kwa maduka ya elektroniki akutumie mzigo na basi.

Sasa kukagua, na hapa usikimbizwe na mtu. Toa kile kitambaa cha mbele uangalie ringi inayozunguka koni, ile sehemu ya duara inayotikisika. Kama ni raba, iko sawa. Kama ni sponji, iguse polepole na kidole, ile iliyozeeka inamegeka kama keki iliyokauka na vumbi jeusi linabaki mkononi. Sponji ikiisha hivyo besi haipo tena, lakini hiyo si sababu ya kukimbia, fundi anaweza kubandika ringi mpya, wewe itumie kuteremsha bei. Kisha weka vidole pande mbili za koni uisukume ndani taratibu, sawasawa pande zote, iende na irudi kimya. Ukisikia mkwaruzo, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, imeungua au imepinda, hiyo rudisha hata akikupunguzia nusu. Beba betri ya redio ya 1.5V na waya mbili, gusisha nyuma ya spika sekunde moja, koni iruke na itoe kelele kidogo. Na ukiwa na mita ya fundi, spika ya ohm 8 itasoma kama 6 hivi, hiyo ni kawaida. Isiposoma kitu kabisa kuna waya umekatika ndani.

Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ndio hufa sana kwa hizi za mtumba. Mtu alikuwa na amplifaya dogo, akalifungulia mpaka mwisho kwa sherehe, sauti ikaanza kukwaruza, na ule mkwaruzo wote ukaishia kwa twita. Kwa hivyo weka sikio karibu na kila twita, moja moja, usikubali kuambiwa zote zinalia.

Muuzaji atakuwekea ngoma ya besi nzito kwa sauti ya juu. Mwambie apunguze na aweke redio, mtu akisoma habari. Sauti ya mwanaume ikitoka kama anaongea ndani ya pipa, acha hiyo spika, haitakuwa nzuri kwa kitu kingine chochote. Baada ya hapo weka benga unayoijua vizuri, gitaa la besi usikie noti moja moja vile vidole vinatembea, si mngurumo tu. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo, na spika ikipita hapo sijali imeandikwa nini mbele.

Amplifaya tafuta bodi ndogo yenye chipu ya TPA3116, ziko zenye bluetooth, inafanya kazi na chaja ya laptop ya 19V, na stima ikipotea unaiunga kwa betri ya sola ya 12V mpira unaendelea, ingawa nguvu itapungua. Ukitaka ile kubwa ya zamani angalia voltage kabla ya kulipa, za soko la Japani ni 100V, ukichomeka kwa 240 yetu imeenda.

Nyumbani hakikisha nyekundu inaenda kwa nyekundu pande zote mbili, ukigeuza moja besi inapotea na utadhani umeuziwa mbovu. Twita ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa, na usizisukume kwa kona, besi itavimba. Kama nyumba ni mabati bila dari na sakafu ni simiti, weka kapeti na pazia nzito kabla hujaongeza hata shilingi kwa spika, huo mwangwi hakuna spika inauondoa, na mvua ya jioni ikianza kupiga hapo juu hata hizo za bei ghali hutasikia.

Ukipata pea yoyote piga picha ya mbele bila kitambaa na ya kibandiko cha nyuma uweke hapa kabla hujatoa pesa, nitakuambia naionaje.