Maswali ya Mawe: Visukuku vya Lyme Regis na Makorongo Yetu

Nimeona picha za konokono wa mawe kutoka Lyme Regis, Uingereza. Naweza kuwapata Mlima Meru? (Usa River)

Hapana. Meru ni volkano. Wale ni visukuku, yaani mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe: ni amonaiti, viumbe wa baharini wa takriban miaka milioni 200 iliyopita.

Kwa nini majabali ya Lyme Regis yana mistari, chokaa, udongo, chokaa tena? (Moshi)

Swali zuri. Mwamba huo unaitwa Blue Lias. Mezani ninacho kipande nilicholetewa: upande wa udongo unapukutika kwa ukucha, upande wa chokaa ukucha hauachi alama. Vyote ni tope la bahari ile ile. Mwelekeo wa dunia kwa jua hubadilika polepole kwa maelfu ya miaka, na hali ya hewa nayo hubadilika. Mito ikileta tope jingi, udongo hutawala. Tope likipungua, chokaa huzidi. Baadaye, chini ya ardhi, chokaa ilihama na kujikusanya, mistari ikakolea. Kwa hiyo kila mstari una habari yake, na kisukuku kilichong'olewa bila kuandikwa kilitoka mstari gani kimepoteza nusu ya habari hiyo.

Nimeokota mfupa wa jiwe korongoni. Bei yake? (Karatu)

Swali hili naletewa kila mara, na kila mara najibu: hauuzwi. Visukuku vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Lyme Regis watu huokota yaliyoanguka ufukweni, nawe usidhani ruhusa hiyo inafika Karatu. Mifupa ya dinosaria, mijusi mikubwa ya kale, ya Tendaguru, Lindi, ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, na mpaka leo tunaifuata Berlin. Rudisha mfupa ulipoutoa, piga picha ukutani pa korongo, kisha toa taarifa Idara ya Mambo ya Kale.

Ni kweli majabali ya Lyme Regis huua? (Arusha)

Kweli. Maji ya mvua hupita kwenye nyufa za chokaa, yakifika kwenye udongo yanakwama, udongo unateleza na mzigo wote wa juu. Mwaka 1833 Mary Anning, mwanamke aliyefukua mijusi mingi ya bahari pale, aliponea chupuchupu. Mbwa wake Tray alifukiwa mbele ya miguu yake. Nanyi mnaochimba moramu, masika haya nimeona vijana wamekaa kivulini chini ya ukuta uliochimbwa kwa ndani, wanakula chapati. Tokeni hapo. Kaeni mbali na ukuta, mbali kuliko urefu wake.