Barafu Ndani ya Injini, Jua Kali la Kimbiji

Nilipokuwa mwanafunzi wa urubani niliamini kwamba barafu ni shida ya nchi za baridi, na imani hiyo nusura initoe roho.

Tulikuwa tukirejea Dar es Salaam kutoka mazoezini upande wa Kigamboni, mimi na mwalimu wangu, ndani ya ndege ndogo aina ya Cessna 172, asubuhi moja ya masika, mvua ikiwa imekatika muda mfupi uliopita. Nilipunguza nguvu ya injini ili tushuke kutoka futi 2,500, na tulipokaribia Kimbiji mzunguko wa injini ukaanza kupungua wenyewe, taratibu mno, kisha ndege ikatetemeka na mngurumo ukafifia hata nikausikia upepo.

"Pua chini kwanza," mwalimu alisema. Nikashusha pua na kushikilia mwendo wa noti 65, yaani kama kilomita 120 kwa saa, kwa sababu rubani anayeng'ang'ania kimo huku mwendo ukimwishia ataanguka kabla hajatafuta pa kutua. Ndipo nikavuta kitufe kinachopeleka hewa ya moto kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, na injini ikazidi kukohoa. Mkono wangu ulitaka kukirudisha. Mwalimu aliweka kiganja chake juu ya mkono wangu na kuukandamiza hapo hapo, mpaka injini ikanguruma tena.

Hapa ndipo ningependa wanafunzi wa urubani wa pwani watulie. Ndani ya kabureta, mafuta yanapogeuka mvuke na hewa inapopita kwenye koo jembamba, joto linaweza kushuka kwa nyuzi 30 au zaidi, kwa hiyo unyevu wa hewa yetu huganda humo hata nje kukiwa na nyuzi 28, hasa nguvu ya injini ikiwa ndogo. Ukivuta hewa ya moto, barafu huyeyuka na maji yake hupita ndani ya injini. Kukohoa kule ni dalili kwamba dawa inafanya kazi, na anayekirudisha kitufe kwa hofu huikatiza. Tena usichelewe, kwani joto hilo hutoka kwenye bomba la moshi, na injini iliyokwisha kuzimika haina joto la kukupa. Mimi sasa huvuta kitufe kabla ya kupunguza nguvu.

Wakati injini ikikohoa, mwalimu alikuwa amekwisha kuchagua ufuko wa kutua, na maji yalikuwa yamekupwa, mchanga ukiwa mpana na mgumu. Saa chache baadaye bahari ingekuwa imefika kwenye minazi. Tangu siku hiyo, kabla ya kuruka kuelekea kusini, huangalia saa za kupwa na kujaa kama wavuvi wa huko wanavyofanya, na siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, huzipa uzito zaidi.