Si zawadi ya vita vya Iraq
Ndugu yangu, unasema Wapolandi walifutiwa viza ya Marekani kama shukrani kwa kupeleka wanajeshi Iraq mwaka 2003. Ingekuwa hivyo, wasingesubiri hadi 11 Novemba 2019. Kilichowakwamisha ni sheria ya Marekani: ili nchi ifutiwe viza, maombi ya viza ya matembezi ya raia wake yanayokataliwa lazima yawe chini ya asilimia 3. Miaka yote hiyo bibi wa Kraków aliyetaka kumwona mjukuu wake Chicago alilipa ada, akasimama dirishani kuhojiwa, na akinyimwa, ada hairudi. Mmarekani aliingia Warsaw na pasipoti tu! Haikuwa haki hata kidogo. Na hata sasa Wapolandi wanaomba kwanza mtandaoni kibali cha kusafiri kiitwacho ESTA, kukaa mwisho siku 90, kuajiriwa marufuku.